Kijijini kwetu karibu na Makambako, tukisikia "wageni wamefika" tunafunga madirisha

Wakuu, kwema?

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika siwezi. Ila hili limenikaa rohoni. Atakayesema ni chai, kwamba natunga, sawa, mimi nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu.

Mwezi wa saba nilitoka Mbeya kwenda kumsalimia mama. Yuko peke yake kijijini, nje kidogo ya Makambako. Mwenye kuijua baridi ya kule mwezi huo sina haja ya kumweleza.

Nashuka kwenye boda saa sita mchana, kijiji kimya. Jua linawaka, lakini kila dirisha limefungwa na kuzibwa matambara. Nje hakuna hata mtu anayeanika mahindi.

Upande wa juu kuna mabanda marefu ya kuku, yamejengwa miaka ya karibuni. Kuku maelfu kwa maelfu. Samadi inarundikwa kwenye uzio, mita chache toka shamba la mama.

Mama akafungua mlango kidogo, akanivuta ndani.

"Kamwene, mwanangu. Ingia upesi, wageni wamefika."

Mimi huyo nikaanza kupanga viti. Mama yeye akarudi kusukuma matambara dirishani.

Ndipo upepo ukageuka. Wakuu, ile harufu inaingia mpaka kwenye meno. Na nzi, ukuta mweupe ukawa unatembea.

Hao ndio wageni. Pale kijijini hakuna anayesema harufu wala nzi. Walilalamika weee, wakachoka, wakabaki na hilo neno. Hata mtoto wa chekechea analisema bila kucheka. Mimi lilinitisha kuliko harufu yenyewe.

Siku ya tatu asubuhi nilienda Makambako mjini kununua dawa ya nzi. Narudi kama saa tano, mlango una komeo kwa ndani. Nikapiga hodi. Nikagonga kwa nguvu, nikaita jina la mama kama kichaa.

Mama Tumaini, jirani, akajibu toka ndani kwake bila kufungua.

"Usigonge sana, baba. Wageni bado wapo."

Majirani wote walinisikia. Hakuna mlango uliofunguka.

Nikavunja komeo. Mama alikuwa kwenye kiti, kichwa kimelala kifuani, jiko la mkaa limewaka vizuri miguuni pake. Sisi watu wa baridi jiko ndani ni kawaida, ila tangu nakua mama ndiye aliyekuwa akinigombeza: ukiingiza jiko, acha dirisha wazi, hewa ya mkaa inaua. Siku hiyo dirisha lilikuwa na matambara matatu.

Nikambeba mpaka nje, kwenye hiyo hiyo harufu, na ndiyo hewa iliyomrudisha. Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Kule zahanati, daktari akamuuliza, "Mama, kwa nini hukufungua dirisha?"

"Kulikuwa na wageni."

Daktari akaandika. Nadhani alielewa watu.

Nimemhamishia kwangu Mbeya. Hapa hakuna mabanda, anakula vizuri, anacheka na wajukuu. Nikajua yameisha.

Jumapili iliyopita wanajumuiya wakaja kumjulia hali. Nikamwita, "Mama, wageni wamefika."

Akainuka. Akafunga dirisha, akavua kanga ya begani, akaichomeka kwenye upenyo, akaisukuma kwa kidole mpaka mwanga ukaisha. Halafu akakaa gizani, mkono puani.

Watu wamesimama mlangoni na mkate wao.

Nilichojifunza: jiko la mkaa likiingia ndani, dirisha liwe wazi, kunuke kusinuke. Na ukiona wazazi wako wameliita jambo baya kwa jina zuri, usicheke, wahi nyumbani.

Mnaoishi jirani na mabanda makubwa ya kuku au nguruwe, karibuni mchangie. Huko kwenu hiyo harufu mnaiitaje?