Gia ya Kuteremkia Kinango

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninaposikia harufu ya breki iliyoungua. Bendera yetu ilikuwa bado mpya, nami nilikuwa nimerudi Waa kutoka chuo kikuu na shahada ya hesabu na suruali mbili. Niliamini kwamba aliyesoma hesabu za mteremko hahitaji kufundishwa kuteremka.

Mzungu mmoja aliyepiga kambi Galu, ambaye nilikuwa nikimfundisha Kiswahili, aliniazima gari lake kwa siku mbili. Lilikuwa refu, lina vitanda, jiko na pipa la maji. Nyumba nzima juu ya magurudumu. Siku hiyo binti wa Mama Mkubwa alikuwa aolewe Kinango, na visima vya huko vilikuwa vimekauka. Nikajaza pipa, nikapanga madebe ya maji sakafuni, nikawapandisha nyuma mama yangu na mama wadogo wawili. Mbele nilimweka Mjomba Hamisi, aliyeendesha lori la mahindi katika barabara hiyo hiyo mpaka mvi zikamjaa.

"Shikamoo, Mjomba. Leo utapumzika."

"Marahaba. Nitapumzika tukifika. Uzito wa maji hayo unaujua?"

"Naujua. Nimeupiga hesabu."

"Basi gari nalo liambie," akasema.

Tulipanda mpaka Kwale injini ikihema. Tulipoupita mji na kufika pale barabara inapoanza kushuka kwa kona kona, Mjomba akaniambia nisimame. Madereva wa lori walikuwa na desturi ya kusimama hapo, kuyagusa magurudumu na kuchagua gia kabla ya kuteremka. Nikamjibu kwamba bibi arusi anasubiri maji ya kuogeshwa. Kisha, kwa kuihurumia injini iliyochoka, nikaitoa gia kabisa, gari lijiteremkie lenyewe. Huruma ya msomi huwa na mashaka yake.

Kona ya kwanza tuliipita vizuri. Ya pili, madebe yalianza kusukumana. Ya tatu, breki ilinuka, kisha ikazama chini ya mguu wangu kana kwamba nimekanyaga tope.

"Baba, polepole, tunalowa huku," mama aliita kutoka nyuma.

Mjomba hakupaza sauti. "Achana na breki. Klachi. Kanyaga mafuta, mengi, injini iitike. Sasa tia tatu."

Gia ililia, ikakataa.

"Tena," akasema, kama anayeniongezea uji.

Ikaingia. Injini ikanguruma na gari likazuiliwa. "Sasa mbili. Bonde liache, tazama barabara." Tulipoingia gia ya pili, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nami nikalilaza gari kwenye ukingo wa udongo mwekundu upande wa mlima. Lilikwaruza, likavunja kioo, likasimama.

Mama mdogo mmoja alishuka anatiririka maji. "Bibi arusi bado," akasema, "lakini mimi nimeshaogeshwa."

Nilimpa Mjomba ufunguo. Hakuupokea.

"Umewapandisha wewe. Utawateremsha wewe."

Tukangoja mpaka magurudumu yakapoa, yakagusika na breki ikarudi. Mama akawa wa kwanza kupanda tena. Hapo ndipo nilipoapa moyoni kwamba wanawake wale watafika. Niliteremka kwa gia ya kwanza. Mwenye baiskeli alitupita, akatupungia mkono kwa heshima zote.

"Mmekokotwa na punda?" Mama Mkubwa akauliza tulipofika. Maji yalibaki nusu. Yalitosha.

Mwanangu, nasikia umepata kazi ya kuwapeleka wageni milimani kwa magari kama lile. Simama juu kabla hujashuka, hata kama wanakuharakisha. Teremka kwa gia ambayo ungepandia mlima huo huo, na breki uiweke akiba. Kumbuka waliolala vitandani nyuma yako hawaioni barabara. Wanakuona wewe tu. Ukikosea, na utakosea, usikimbilie kumwachia mwingine usukani. Poa, kisha uimalize safari yako.

Mola akupe mguu mwepesi na masikio ya kusikia, na kila utakayempandisha ateremke mkavu.