Mshika Kipaza Sauti

Mshika kipaza sauti wa serikali alinidhulumu: aliwaambia wakubwa wake kwamba nimekubali nguzo ya umeme unaopelekwa nchi jirani isimame juu ya kisima changu. Kwenye mikutano ya kutoa maoni, kipaza sauti chake hamwachii mtu akishike. Hukipuliza, hukifuta kwa leso, kisha hukusogezea mdomoni kama anayelisha mtoto uji. Sisi tuna adabu. Tunaanza kwa salamu na shukrani. Ukimaliza kushukuru tu, anakinyakua. “Maoni mazuri sana, mama! Mwingine!” Basi kijiji kizima tumeshukuru, hakuna aliyelalamika.

Mkutano wa pili nikajifunga kibwebwe, nikaanza bila hodi: “Nguzo hiyo siitaki!” Akarudi nyuma, mkono kifuani, macho yamemtoka kama aliyemwagiwa maji ya moto. “Dada yangu, hata salamu?” Watu wakaangua kicheko. Shemeji akaninong'oneza, “Usituaibishe bwana.” Nikaona haya, nikasalimu, nikashukuru. Akakinyakua.

Leo wameanza kukifukia kisima. Yule bwana bado ana deni langu, kunisikiliza mpaka mwisho, na nitamfuata kulidai hata akiwa msalani.