Mkia wa Jina la Tabu

Mustapha alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda kuulizwa jambo mara mbili. Alijifunza kompyuta Dar es Salaam, akarudi Kibiti kuajiriwa na mradi wa mbegu, na tangu hapo akawa anajibu watu kama karani wa peponi.

Mwaka tisini na nane mto ulikula mashamba yote ya bondeni. Mradi ukaahidi mahindi ya kupanda mlau, kilimo kile cha kuuwahi udongo maji yakishaondoka, kabla haujakauka. Balozi Abbasi, kiongozi wa mtaa wa bondeni, aliandika orodha yake ya waliofurikiwa, mradi ukaandika yake, na Mustapha akatunga programu ya kuzilinganisha. Aliyekuwemo kwenye zote mbili ndiye apewe.

Mama yake, Bi Tabu, hakupewa. Akatembea mpaka ofisini.

"Mwanangu, hebu nitazame tena. Balozi kaniandika miye naona."

"Mashine haikosei, mama. Wewe humo, basi."

Hata orodha hakuifungua. Watu walijaa, naye aliona haya kuonekana anampendelea mamaye. Bi Tabu akarudi bondeni, akamwita Abbasi mwongo mbele za watu, kwamba alimwandika kisha akamfuta. Majirani wa miaka thelathini, wakaacha kuamkiana.

Wiki tano baadaye, akichapa orodha kwa ajili ya ripoti, Mustapha aliona Tabu huku na Tabu kule. Akaifungua kumbukumbu ya kompyuta, akaisoma herufi moja moja. Kila jina lilitengewa nafasi kumi na mbili. Jina fupi likiandikwa palipokuwa na refu, hufungwa kwa alama ya mwisho, lakini mkia wa lile refu hubaki nyuma yake, na kwenye kioo hauonekani. Kwenye orodha ya balozi, Tabu aliandikwa baada ya Mwanaamina: Tabu, alama, kisha "amina". Kwenye ile ya mradi palibaki mkia mwingine. Na fundi wetu aliiamuru mashine ilinganishe nafasi zote kumi na mbili, takataka na yote, badala ya kukomea kwenye alama. Kwa mashine, Tabu na Tabu wakawa watu wawili. Akina Fatu nao vivyo hivyo. Watu sitini na mmoja walinyimwa mbegu kwa sababu wazazi wao waliwapa majina mafupi.

Alirekebisha mstari mmoja tu. Kisha akachukua mahindi ya mradi, akashuka bondeni.

Alimkuta mama yake chini ya dungu, kibanda chao cha juu ya nguzo, anasuka ukili wa mkeka. Shamba lilikuwa limepasuka nyufa za kuingia kidole. Akautua mfuko wa mahindi.

"Mama, jina lako lilikuwemo."

"Toka siku ile?"

"Toka siku ile. Kosa langu."

Bi Tabu aliutazama mfuko, kisha nyumba ya Abbasi ng'ambo ya shamba.

"Mahindi haya tutayala," akasema. "Kwa Abbasi nitakwenda na nini?"