Kitenge cha Kumi na Mbili

Kwetu Kilibula, saa nane mchana, ukiangusha mkasi, jirani wa nyumba ya tatu anauliza ni nini kimeanguka. Wageni husema tunaishi kwa amani. Mimi sijibu, kwa sababu nimeona ni watu wangapi wanaweza kutoka katika ukimya ule, na wanatoka wameshika nini.

Nilijifunza kushona peke yangu, kwa kufumua nguo za mama na kuzishona upya. Sikuwa na mwalimu, kwa hiyo kila kosa lilikuwa langu peke yangu. Mshono ukipinda kidogo tu, nafumua wote. Akina mama wa korali waliponiletea vitenge kumi na viwili vya rangi moja, bluu yenye majani ya njano, niliacha kula vizuri.

Asubuhi moja niliharibu kimoja. Nilikata shingo ya blauzi ikawa pana, kichwa na mabega vingepita pamoja. Nikakikunja na kukisukuma chini ya godoro langu.

Mchana huohuo kiongozi wa korali akaja kuangalia kazi. Akahesabu, akafika kumi na moja.

"Ingine iko wapi?"

Nilianza kuvikunja upya. Njiani mwanamume alikuwa anasukuma baiskeli, na nyuma amefunga kitenge cha bluu chenye majani ya njano. Kiongozi yule akamtazama, akanitazama, akauliza kama si kile. Nikatikisa kichwa kukubali.

Yeye ndiye aliyepiga kelele ya mwizi. Mwashi aliyekuwa anajenga nyumba ya mbele alitoka na ubao. Mama mmoja alikuja na mwiko wa bugali, bado una unga. Walimwangusha pamoja na baiskeli yake. Alijaribu kueleza kwamba anatoka Nyakabere, kwamba mke wake anaimba korali ya kule na watavaa sare moja na korali ya hapa kwenye sikukuu, kwamba yeye anatafuta fundi wa kumshonea.

"Fundi ni minye," mwashi akasema, akijipiga kifua. "Umenipata." Watu wakacheka.

Ubao uliposhuka juu ya mkono wake wa kuume, nilisikia mfupa. Jino lilianguka karibu na mguu wangu. Nilisimama barazani, meta ya kupimia ikiwa shingoni, na nitasema ukweli: nilikuwa nawaza ile shingo pana. Nilikuwa nawaza watakavyonicheka.

Kisha mtu akaja anabingirisha tairi kuukuu, na mwingine akainama kutoa petroli kwenye pikipiki.

Nilikimbia ndani, nikainua godoro, nikarudi na kitenge kile nikiwa nimekinyanyua juu.

"Haiko mwizi. Minye niliharibu. Nilikificha."

Kiongozi wa korali alikipokea, akapitisha mikono yote miwili kwenye shingo niliyoikata. Hakuna aliyecheka. Mwashi alifuta ubao kwa mchanga, akarudi kwenye ukuta wake. Mwenye pikipiki alimpeleka yule mtu hospitali, akiwa amelala kifudifudi kwenye kiti. Muda mfupi baadaye nilisikia tena mtu anaosha sufuria, nyumba ya tatu.

Wiki mbili zilipita, mke wa yule mtu wa baiskeli akaja. Mume mwenyewe alibaki njiani, mkono umefungwa kwa mbao ndogo, hakutaka kukanyaga baraza langu. Mwashi alipita, akamsalimia kwa adabu: "Jambo, papa." Akaitikia.

Mwanamke aliweka kitenge juu ya mashine. Kilikuwa kimefuliwa, lakini pembe moja ilibaki na doa la kahawia. Nilimwambia nitanunua kingine. Akakataa. Nikauliza mkono unaendeleaje.

"Mwaka huu hatalima," alisema. "Pima."

Nilipiga magoti kutafuta urefu. Meta iliteleza mara mbili. Alisimama wima, akimtazama mumewe kule njiani.

"Pima muzuri, dada," alisema. "Hatuna haraka."

Nikapima tena, kuanzia mabegani.