Siku Niliyomuua Mjomba Felix kwa Ndoto

Wasee, hii ya mjomba Felix nikiikumbuka naficha uso ndani ya helmeti hata kama siko kwa pikipiki.

Dadangu Akinyi alikuwa na kasichana kachanga, kanalia tu, ubatizo ni Jumapili na jina hakuna, na sisi Wajaluo jina huletwa na marehemu, anakuja ndotoni anaomba aitwe. Tukangoja. Hakuna aliyekuja (wafu wetu nao wanaringa).

Sasa mchana mmoja nikalala juu ya pikipiki pale Dunga, upepo wa ziwa unanipapasa, nikamwona mjomba Felix, kaka ya mama wa kule Asembo, anatembea polepole juu ya magugu maji, kofia imejaa mapera, kila akikanyaga maua ya zambarau yanafunguka, anacheka bila sauti. Utamu gani huo! Nikaamka mbio hadi nyumbani Manyatta, nikatangaza mbele ya majirani: "Jina limekuja ndotoni! Felix!"

"Felix kwa msichana?" Akinyi akauliza.

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi nilihudumu altareni mpaka darasa la nane, padri akatufundisha, basi nikapanda stuli: "Hiyo ni Kilatini! Haichagui suruali wala sketi. Ni mtu wa heri, na zamani hata mti unaozaa vizuri uliitwa hivyo. Tena iko na wajukuu: Felista, Felisia, Felisiano..."

Watu wakapiga makofi. Mama akatoka jikoni na sufuria. "Felix gani amekujia?"

"Mjomba."

Sufuria ikaanguka. "Uwi! Ndugu yangu amekufa!"

"Mama, ni ndoto tu ya mchana!" Nani anasikia? Simu ya mjomba imezimwa, majirani wanalia, viti vya kanisa vishafika, hata mimi nikaanza kulia maana wimbo wao wa msiba ulikuwa mtamu.

Mara mjomba huyo mlangoni, jogoo kwapani, amekuja kuona mtoto. Watu walitawanyika, mmoja akaruka ua.

"Nani amekufa hapa?"

Vidole vyote vikanionyesha mimi, akasimuliwa yote, ndoto na wajukuu wa jina.

Akanitazama, akambeba mtoto, na kale kakilio kakanyamaza kabisa.

"Felix bado natumia, bwana," akasema. "Mpatie mtoto jina moja kati ya hao wajukuu wake."

Ndiyo maana anaitwa Felista. Na mimi siku hizi nikiota mzee yeyote, nampigia simu kwanza; akipokea, narudi kulala.