Filamu Ndefu, Filamu Fupi na Posa Yangu

Siku moja siisahau, mwanangu. Ni ile siku baba yako, kaka yangu, alipomwambia mshenga anyanyuke aende zake, na kahawa kwenye kikombe bado inatoa moshi. Ungeuliza mtaani Ujiji posa yangu imekwama kwa nini, wangekwambia mahari. Posa yangu ilikwama kwa sababu ya filamu.

Nakusimulia haya leo kwa kuwa nimesikia wewe na Yohana hamsalimiani. Nimeambiwa mlianzia kwenye simu, kwenye hilo kundi lenu la wapenda filamu. Yeye anasema toleo refu la filamu yenu limekiharibu kitabu ilikotoka, wewe unasema asiyeliona hajaona kitu, mpaka mkafika mahali pa kutajiana mama. Yohana huyo huyo uliyekula naye ugali wa muhogo sahani moja tangu hamjajua kufunga vifungo. Hebu kaa kidogo, na hiyo simu igeuze kifudifudi. Shangazi yako hashindani na simu.

Zamani zile kila mtu hakuwa na kioo chake mfukoni. Tulikwenda bandani. Banda lenyewe lilikuwa la mabati, jirani na mwalo wa Katonga wanakoshushia samaki, lina mabenchi, deki moja, televisheni moja na jenereta inayonguruma nje. Mbele alikaa kijana mmoja wa Simbo mwenye kipaza sauti, kazi yake kututafsiria. Mzungu akisema neno moja yeye anasema kumi, na akisisimka anachanganya Kiha, banda zima linacheka. Wanawake hatukuwa wengi mle. Mimi niliingia kwa kivuli cha kaka yangu, yaani baba yako Shabani, nikakaa benchi la nyuma na mtandio wangu.

Baba yako alikuwa mvuvi wa dagaa, unajua. Dagaa huvutwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, dagaa hana haja na taa ya mtu. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi hupandishwa mchangani na wavuvi hukaa bure. Hakuna kiumbe msumbufu kama mvuvi wa dagaa mwezi ukiwa mpevu. Atashona nyavu ambazo hazijachanika, atamchokoza kila anayepika, halafu atakwenda bandani kutafuta wa kubishana naye. Na siku hizo baba yako alikuwa na mzigo juu ya mzigo. Babu yako alikuwa ametoka na mtumbwi alfajiri moja na ziwa halikumrudisha. Shabani, kijana mbichi, ndiye aliyebaki walii wangu wa kuniozesha na mkubwa wa nyumba.

Filamu iliyotuponza ilitoka kwenye riwaya, hizi za mambo ya sayansi. Watu wanaishi chini ya barafu kwenye sayari ya mbali, na mzee mmoja ndiye anayetunza mashine inayowapa hewa. Siku moja bomba linapasuka huko nje. Mzee anatoka kwenda kuliziba, mlango unafungwa nyuma yake, na hatumwoni tena. Filamu inaendelea na mwanawe. Hiyo ndiyo iliyokuja kwanza, nasi tuliipenda wote, maskini, bila ugomvi.

Kisha akaja Idi na yake. Idi alikuwa fundi wa injini za boti pale Bangwe, mchapakazi, mwenye maneno. Alikuwa na binamu Dar aliyemtumia kwa treni toleo refu la filamu ile ile, lililorudishiwa vipande ambavyo wenye fedha zao walimlazimisha mwongozaji avitoe. Humo mzee, kabla ya kutoka, anakaa na mwanawe robo saa nzima anamuaga. Idi alilipeleka bandani bure, tulione wote.

Toka hapo banda likapasuka vipande viwili, wa Ndefu na wa Fupi. Idi alisema injini ukiifungua ukairudisha na nati zimekubakia mkononi, hiyo si injini. Baba yako akajibu kwamba pilau ukiiongezea maji ili iwe nyingi inakuwa uji. Watu walibishana wakila, walibishana wakipara samaki, na watoto wakaanza kuwatungia nyimbo. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu chenyewe. Mwalimu wetu wa fizikia, aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, aliniazima, nikakisoma na kamusi pembeni mpaka nikakimaliza. Basi kila upande ukanijia nitoe ushahidi. Kaka ananiambia, "Sema kitabu kinasemaje, umalize kelele." Idi akinikuta njiani naye ananiambia hayo hayo. Nikimpa mmoja nampoteza mwingine, kwa hiyo nikawa nacheka tu na kusema nimesahau.

Maana nilikuwa nampenda Idi. Nasema wazi, uzee umeniondolea haya. Mipango ilikuwa imekwisha, mshenga ameshapatikana, siku imeshatajwa.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe ndipo mambo yalipoharibika. Banda lilikuwa linaonyesha ndefu. Ilipofika pale mzee anapomuaga mwanawe, baba yako akasimama akawa anapenya kati ya mabenchi atoke nje. Idi, na ule ulimi wake usio na mfupa, akasema kwa sauti, "Mwacheni apite. Shabani hawezi kukaa na jambo zito mpaka liishe. Ni mwoga huyo." Watu wakacheka kwa nguvu. Baba yako hakugeuka.

Asubuhi mshenga akaja na kanzu yake safi. Shabani alimwacha amalize salamu zote, kisha akamwambia, "Mzee wangu, wewe sina ubaya nawe. Mwambie aliyekutuma kwamba dada yangu haolewi na mtu anayenicheka mbele za watu." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikasikia kila neno.

Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi ndiye niliyekuwa nyasi. Siku zile sikutulia mwilini. Nilianza kufua nikaacha nguo kwenye maji, nikabandika dagaa wakaungua, nikatoka mpaka barabarani bila sababu nikarudi. Nilimkasirikia kaka, nilimkasirikia Idi, nikaikasirikia hata ile sayari yao ya barafu. Na mwezi ulikuwa unapungua. Nilijua giza likiingia Shabani atarudi ziwani na kinyongo chake, Idi naye ana kiburi, hatarudi kuomba mara mbili. Hilo lingeisha hivyo hivyo, kila mtu akiwa na haki yake mkononi.

Nikaenda kwa Shangazi Mwamvita, dada yake babu yako, aliyekuwa akikamua mawese huko Bangwe. Shangazi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinisikiliza huku akichochea moto, akasema, "Waite wote wawili. Waambie nina mise za kubangua." Mise unazijua, zile kokwa za mchikichi zenye gamba gumu. Wakaja. Shangazi akiita, nani asije? Kaka alikaa pembe hii, Idi pembe ile, kila mmoja na jiwe lake, wanagonga kokwa bila kutazamana. Nami nikapewa jiwe langu.

"Hiyo filamu sijaiona na sina mpango wa kuiona," Shangazi akasema. "Wewe Idi, nieleze. Mwenzako anaipendea nini hiyo fupi?"

Idi akakohoa. "Anaipenda kwa sababu hataki kufikiri sana, Shangazi."

"Hapo umenieleza unavyomwona. Nimeuliza anachokipenda."

Idi akagonga kokwa, ikamponyoka. Akaiokota, akasema, "Sijui."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Mmebishana mpaka watoto wanawaimba, na hukumuuliza. Basi muulize, yupo hapo."

Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini kuna wakati ni kazi nzito kuliko kubeba injini. Idi aliinamisha kichwa akasema, "Shabani, unaipendea nini?"

Baba yako alibangua kokwa mbili tatu kwanza. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye jiwe, "Mle kwenye fupi mzee anatoka na mlango unafungwa. Basi. Baba alitoka hivyo. Aliniambia nisogeze kasia, akaenda. Nilipoiona mara ya kwanza nikajua kuna mtu huko duniani anayefahamu jambo hili. Halafu wewe ukaniletea nyingine, mzee anakaa chini anaaga. Robo saa anaaga. Mimi sikupata hata dakika."

Mimi ni dada yake, nimelala naye chumba kimoja tangu utoto, na nilikuwa sijui.

"Sikujua," Idi akasema.

"Hukuuliza," Shangazi akamjibu. Akamgeukia kaka. "Na wewe. Mwenzako anaipendea nini hiyo ndefu?"

Baba yako akafuta jasho. "Ni fundi. Hapendi kitu kibaki nje." Akaokota kokwa nyingine. "Na aliitoa mbali ili tuione wote. Angeweza kuitazama peke yake."

Nilidhani yamekwisha. Lakini Shangazi alikuwa na jicho. "Na huyu msomi wetu amekitamia kitabu kama kuku na mayai yake. Wewe uliyekisoma, uliwaacha watu wagombane na ukweli unao kifuani. Kitabu kinasemaje?"

Ikabidi niseme. "Wote wawili wamekosea kidogo. Kitabuni mzee anakwenda kumuaga mwanawe. Ila anamkuta amelala."

Kaka akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Akamwambia nini?"

"Hakumwamsha. Alimfunika shuka vizuri, akapunguza taa, akatoka. Mtoto hakujua kitu."

Baba yako alilia, mwanangu. Wewe hujawahi kumwona akilia, mimi nimemwona. Alilia na jiwe mkononi, na Shangazi hakumnyamazisha, aliacha machozi yatoke. Idi alisogea akakaa karibu naye, akachukua kokwa zilizokuwa mbele yake akaanza kumbangulia. Kisha kaka akafuta uso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie mshenga wako aje Ijumaa, mchana, mimi niko."

Usidhani walikubaliana. Mpaka leo baba yako na mume wangu wakikaa kibarazani hilo jambo huzuka, na kila mmoja hushika lake. Idi anasema ndefu, Shabani anasema fupi. Ila siku hizi baba yako akichoka kubishana husema, "Idi, wewe na nati zako," na Idi akitaka kusema ovyo hujikamata. Wagombanao ndio wapatanao, lakini mwanangu, hawapatani kwa kushindana nani ana hoja. Wanapatana siku mmoja anapotaka kujua.

Haya, nasaha yangu hii hapa. Mtu hashikilii kitu kwa nguvu bure. Ukimwona rafiki yako anapigania hadithi ya kubuni mpaka mishipa inamtoka, ujue ndani ya hadithi ile ameweka kitu chake. Wewe unamwambia hana akili, kumbe umekanyaga hapo hapo alipoweka. Bishana, ujana bila ubishi unachosha. Lakini kabla hujamjibu mtu, uweze kuueleza upande wake mpaka yeye mwenyewe aseme, ndivyo hasa. Usipoweza, bado hujafika pa kujibu. Na usimcheke mtu mbele ya watu. Kicheko cha wengi humwingia mmoja, na kukitoa ni kazi.

Yohana anakishikilia kitabu kile. Umewahi kumuuliza alikisoma lini, na alisomewa na nani? Mimi namfahamu mama yake tangu walipovuka kutoka Burundi na kibegi kimoja. Nilikuwepo. Najua kulikuwa na nini ndani ya kibegi kile, na sikwambii, maana si langu kulisema. Ni lako kuliuliza. Usimwandikie, nenda kwake kwa miguu, na akikuuliza umefuata nini mwambie umekuja kumsikiliza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na mzito wa kucheka. Akupe rafiki wa kukubishia mpaka uzeeni, na akunyime ushindi wowote utakaokugharimu rafiki huyo. Amina.