Hita Mwezi wa Agosti

Watu wakisikia nilifanya kazi Doha, hudhani nililea watoto wa wenyewe. Niliendesha gari. Tena si gari lolote: saluni ya Kiingereza ya miaka ya sitini, milango minne, viti vya ngozi, dashibodi ya mbao, na injini iliyotokana na magari ya mashindano. Huko kwao, wezi wa benki waliyapenda magari ya aina hiyo kwa sababu polisi hawakuweza kuyafikia, mpaka polisi nao wakayanunua.

Mwenyewe alikuwa mama mmoja Mkatari, mjane, mkazi wa Fereej Bin Mahmoud. Marehemu mumewe aliliingiza kwa meli akiwa kijana, usukani ukiwa kulia kama ulivyotoka kiwandani. Madereva walionitangulia walilichukia kwa hilo, maana kule huendesha upande mwingine wa barabara na ukitaka kulipita lori huoni mbele. Mimi ni mtu wa Nakuru. Usukani wa kulia ndio ninaoujua, na baba yangu alikuwa fundi wa magari hayo hayo. Siku ya kwanza nilipoketi nilisema moyoni, hili ni langu, anayelitaka aje anitoe.

Akaja. Kifungua mimba wa mama, mwenye ofisi West Bay, alikuwa amechoka kupigiwa simu kwamba gari limechemka barabarani na mama yake amekaa juani. Asubuhi moja ya Agosti akatoa amri kwa simu: alasiri hiyo lori la kuvuta magari lingekuja kulichukua, lipelekwe kwenye chuma chakavu. Mama alilia bila sauti. Halafu akainuka, akavaa abaya yake.

"Nipeleke kwa mwanangu," akasema. "Kwa gari hilo hilo."

"Mama, likizimika njiani tutakuwa tumempa sababu."

"Basi lisizimike."

Miaka hiyo Doha nzima ilikuwa imechimbwa, na njia uliyopita jana leo ina ukuta. Hatukufika mbali kabla ya kukwama kwenye foleni. Kiyoyozi cha gari kilikuwa kimekufa zamani sana. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Injini ile ilitengenezewa nchi ya mvua; ikienda hupoa, ikisimama hujipika yenyewe. Baba alinifundisha dawa yake: fungua hita mpaka mwisho. Hita hunyonya joto la injini na kulitupa ndani, kwa abiria. Nakuru hilo ni jambo dogo. Lakini Doha, Agosti, saa sita mchana, na nyuma yangu mama wa miaka sabini na kitu? Niliogopa. Bora gari life kuliko nimuue yeye.

"Mama, kuna njia, lakini ni mbaya," nikaanza.

Mkono wake ukapita begani kwangu, ukaonyesha kitufe chenyewe. "Fungua yote."

Nikafungua. Upepo ulionipiga miguuni ulikuwa kama wa jiko la mkate. Tuliteremsha vioo vyote, tukalowa. Vijana ndani ya gari kubwa jeupe, vioo juu, baridi yao tele, walitupigia honi wakicheka. Mama akawapungia mkono. Kila tuliposimama nilimwamuru anywe maji, naye akanywa. Mshale ulifika ukingoni mwa wekundu, ukakaa hapo kitambo, kisha ukaanza kushuka. Nilipiga kigelegele peke yangu katikati ya foleni.

Mlangoni mwa jengo la ofisi mlinzi alikuwa Mkenya mwenzangu. Aliingiza kichwa dirishani, akakitoa mbio.

"Sista, umewasha hita na hii jua? Uko sawa kweli?"

"Niko sawa. Pigia bosi wa juu, mwambie mamake yuko hapa na hashuki."

Mwana alishuka upesi, kanzu yake nyeupe imenyooshwa vizuri. Alipofungua mlango wa nyuma joto lilimrudisha hatua moja.

"Yumma, mama yangu! Utakufa humu! Nani amefungua kitu hiki?" Alinitazama kwa macho ya kunifukuza kazi. Nikaushika usukani na kumtazama vile vile.

"Mimi," mama akasema. "Baba yako alifungua hivi hivi, Agosti kama hii, uchungu wako uliponishika. Gari likaanza kuchemka na hospitali bado iko mbali. Nilifika nimelowa kama unavyoniona, ukazaliwa mzima. Sasa liite lori lako. Litanivuta nikiwa ndani."

"Na mimi," nikasema.

Mwana alisimama juani mpaka jasho likamtoka, kisha akaingia, akaketi kando ya mama yake na kufunga mlango. Akatoa simu, akamwambia mwenye lori asije.

Mshale ulikuwa umetulia katikati. Nikamuuliza mwana kama nizime hita.

"Usizime," akasema. "Twende nyumbani."